Maji Baridi, Maji Moto

Baba mdogo ameniagiza nimnyang'anye mtoto simu. Alinipigia usiku kutoka Muleba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Mtoto mwenyewe ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili na anaishi nami hapa Bukoba. Likizo alikwenda kijijini, na huko wakamkuta chini ya mti wa kahawa anacheka peke yake. Wakachungulia anachosoma: mvulana kamwagiwa maji, kawa msichana.

"Waitu, mnamfundisha nini huyu mtoto?" akaniuliza baba mdogo. "Mwanaume awe mwanamke? Hayo si yetu."

Sikumnyang'anya. Niliiazima ile simu jioni mbili nikasoma, nami nikacheka, na nilipofika mbali kidogo nikaacha kucheka.

Hadithi inaitwa Ranma ½. Ni manga, hadithi ya picha ya Kijapani, ya mapenzi na vichekesho. Ilichorwa na mwanamke, Rumiko Takahashi, ikatoka kwa mfululizo katika jarida la kila wiki kuanzia 1987 hadi 1996, na ikikusanywa inafika juzuu 38. Kijana Ranma alitumbukia kwenye chemchemi yenye laana huko China akiwa mazoezini na baba yake. Tangu hapo maji baridi yakimgusa anakuwa msichana, na maji moto yakimgusa anarudi mvulana. Baba mtu alitumbukia chemchemi ya jirani, yeye maji baridi humgeuza panda. Kwa hiyo kila mvua, kila ndoo, kila birika la chai ni balaa. Kuna mwanafunzi mmoja mwenye majivuno, Kuno, anayemchukia Ranma mvulana kwa roho yake yote na kumpenda Ranma msichana kwa roho hiyohiyo, wala hatambui kwamba ni mtu mmoja.

Baba mdogo alisimuliwa ukurasa mmoja tu. Hakuambiwa inavyoanza. Inaanza na mzee Tendo, mjane mwenye mabinti watatu na hana mtoto wa kiume. Ana ukumbi wa kufundishia mapigano na anataka ubaki katika nyumba yake. Binti yake wa mwisho, Akane, anawatandika wavulana getini mwa shule kabla kengele haijalia. Mrithi yumo humohumo ndani, amekaa mezani anakula wali. Mzee hamwoni. Amekubaliana na rafiki yake wa zamani alete mtoto wa kiume aoe mmoja wa mabinti, ukumbi upate mwanaume. Na mwanaume anayeletwa, siku ya kwanza anaingia mlangoni akiwa msichana, kwa sababu nje kulikuwa na mvua.

Hayo si yetu?

Sisi pia tulizaliwa mabinti watatu. Tata alikuwa na kibanja Muleba, migomba na kahawa, na makaburi ya wazee wake yamo ndani ya migomba. Mimi ndiye niliyepata kazi mapema, ualimu, na tangu hapo ukoo umenimwagia maji moto mara nyingi. Tulipobadilisha bati la nyumba, mimi mwanaume. Kahawa ilipozeeka na kutakiwa miche mipya, mimi mwanaume. Tata alipougua miezi minane, baba mdogo alinishika bega mbele ya watu, kwa upendo kabisa, akasema: "Huyu si binti. Huyu ndiye mwanaume wa nyumba hii." Nilifurahi, siwezi kuficha. Msibani jeneza na chakula vilikuwa juu yangu, na hapo pia hakuna aliyenikumbusha jinsia yangu.

Matanga yalipokwisha ukoo ukaketi, na ndoo ya maji baridi ikaletwa. Nikasikia kwamba sisi ni wasichana, tutaolewa, tutaipeleka ardhi kwa watu wengine. Nina miaka 44. Mrithi mkuu, musika, akatajwa mtoto wa kiume wa baba mdogo, kijana ambaye hajawahi kupalilia hata shina moja pale. Sisi tukaambiwa tutakula matunda ila hatutauza. Lakini kwa ada ya shule ya huyohuyo musika, muhula uliofuata, nilirudishiwa uanaume wangu kwa simu.

Basi anayegeuzageuza wanaume na wanawake katika nyumba hii ni nani? Rumiko Takahashi?

Ukipanda Hiace kutoka Bukoba utafika wilaya ya Muleba. Mahakama ya mwanzo ya Kashasha, wilayani humo, ilipelekewa kesi mwezi wa nane, 1988. Bibi mmoja, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Alikuwa shangazi wa mwanaume aliyekwenda kushitaki siku iliyofuata, siku iliyofuata kabisa, kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia na kubatilisha mauzo. Ya wilaya ikapindua. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila ile ni ubaguzi na inapingana na Katiba.

Nataka niseme juu ya neno shangazi. Kwetu shangazi ni baba wa kike. Akiingia unainuka, akikukemea umekemewa na baba. Tumekuwa na mwanamke aliye baba tangu kabla Japani haijachora chochote, na hakuna aliyetaka kumnyang'anya mtu simu kwa ajili hiyo. Huyo baba wa kike ndiye aliyepelekwa Kashasha aambiwe kwamba kwenye kuuza yeye ni wa kike tu.

Wapo wenye hoja nzito kuliko ya baba mdogo, na nisiwaruke. Wanasema ardhi ya ukoo ina makaburi, na mgeni akishainunua atang'oa migomba na kuwalimia wazee wetu juu ya vichwa. Ni kweli, naliogopa hilo kama wao. Lakini kipande cha chini kabisa cha kibanja cha babu hakipo tena, na hakikuuzwa na binti. Kiliuzwa na mwanaume, ikanunuliwa pikipiki, na ukoo uliguna wiki mbili ukanyamaza. Jaji aliliona hilo. Hakusema mwanamke auze atakavyo. Alimweka chini ya masharti yaleyale ya mwanaume. Ukoo ukitaka kuikomboa ardhi urudishe fedha ya mnunuzi, na yule mlalamikaji akapewa miezi sita kufanya hivyo. Anayeyapenda makaburi basi atoe hela.

Na wanaosema mila haiguswi, niwaulize kuhusu senene. Bibi yangu alikesha akiwakamata, akawatoa mabawa, akawakaanga, na hakuruhusiwa kumtia hata mmoja mdomoni. Leo sokoni Bukoba wanawake wanawanunua na kuwatafuna wakitembea. Ni kikao gani kiliivunja mila ile? Sikumbuki. Ilikufa yenyewe kwa sababu haikuwa na hatimiliki.

Wala simwoni Mjapani kuwa mwalimu wetu. Mwaka 1953 Osamu Tezuka alianza kuchora hadithi ya binti mfalme Sapphire, anayelelewa kama mvulana kwa kuwa sheria ya nchi yake hairithishi kiti kwa mwanamke. Mpaka leo, kwa sheria ya mwaka 1947, kiti cha mfalme wa Japani ni cha wanaume tu, na binti pekee wa mfalme wa sasa hawezi kukirithi. Wanachora kwa sababu wana kidonda kilekile. Tofauti ni kwamba wao wanakicheka waziwazi, sisi tunakifunika kwa heshima halafu tunakasirika mtoto akicheka.

Nilimuuliza yule binti kilichomchekesha siku ile chini ya mti wa kahawa. Nilidhani atataja panda.

"Mama mdogo, ni Kuno," akasema. "Anamsifia huyu, anamfukuza huyu, na ni mtu mmoja. Yaani ni kama babu."

Babu, kwake, ni baba mdogo.

Kikao kingine kimeitishwa Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu dada zangu na mimi tumekataa kuweka sahihi. Nimechapisha hukumu ile nakala tatu na kuzibana pini, na risiti za bati, miche na jeneza nimezitia kwenye bahasha moja. Tutapanda Hiace ya kwanza. Mtoto ameomba twende naye, nami nimemruhusu aje na simu yake.