TAMKO LA TAWI: KADI YA CHAMA HAINA DHEHEBU



Tangu wiki iliyopita kuna ujumbe unazungushwa kwenye simu zetu kuhusu uchaguzi wa viongozi wa tawi. Unasema "tumpe wa kwetu". Wa kwetu maana yake wa kanisa letu. Upande wa pili nao wamejibu kwa kuhesabu Waislamu wangapi wamelipia kadi. *Tawi linalaani jumbe zote mbili.*

Huku juu dini ni sehemu ya maisha. Kabanga kuna hospitali ya Wakatoliki, Heri ya Wasabato, na makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana yapo hapa hapa Kasulu. Wengi wetu tumesomeshwa au kutibiwa na taasisi hizi, na tunazishukuru. Lakini mjamzito akifikishwa Kabanga usiku hatibiwi kwa cheti cha ubatizo. Iweje chama cha wote kiwe na mlango mwembamba kuliko hospitali ya kanisa?

Mipaka hii hatukuichora sisi. Kijiji hiki kilikuwa cha Wakatoliki na kile cha Waanglikana kutegemea mmisionari alijenga wapi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikatuchanganya. Leo kuna koo zenye katekista, mchungaji na ustaadhi, na msibani wote wanabeba jeneza moja.

Anayesema "wa imani yetu atatukumbuka" atujibu. Miaka yote tuliyosubiri lami ya barabara ya Nyakanazi, vumbi lilichagua dhehebu? Tulipotegemea jenereta za dizeli na umeme ukakatika, ni waumini gani walibaki na mwanga? Kiongozi uliyempa kura kwa sababu ya dini huwezi kumdai hesabu. Ukimuuliza mapato na matumizi, atasema unapiga vita imani yake. Hapo umepoteza kura na umepoteza sauti.

Wapo watakaosema tunawaziba midomo viongozi wa dini. Hapana. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari. Ilikuwa haki yao kusema, na haki ya mwingine kuwapinga kwa hoja. Kosa lilikuwa letu: wengi tuliacha kusoma vifungu, tukaanza kuangalia nani Mkristo na nani Mwislamu.

Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya kundi la dini. Kinachokatazwa kwa chama hakiwezi kuwa halali kwa tawi kwa njia ya simu usiku.

Na sisi viongozi tukiri letu. Tumekuwa tukiitisha vikao Jumamosi asubuhi, Wasabato wanashindwa kuja, kisha tunasema hawajitumi. Huo nao ni udini, hata kama hatukuukusudia. Kwa hiyo:

1. Hakuna kikao Ijumaa mchana, Jumamosi kabla ya jua kuzama, wala Jumapili asubuhi.
2. Wagombea wote watasimama mbele ya mkutano mmoja na kuulizwa maswali. Hakuna kuombewa kura kwenye ibada, wala kupeleka mchango wa kampeni kwa jina la sadaka.
3. Atakayesambaza tena ujumbe wa kugawa wanachama kwa dini ataitwa mbele ya kamati ya maadili, hata akiwa mwenyekiti.

Ukiupata ujumbe ule, usiusambaze. Mjibu aliyekutumia swali moja tu: *mgombea wako atafanya nini?* Akishindwa kujibu, umeshajua kwa nini alianza na dini.

Mwenyezi Mungu, kila mmoja amwite kwa ibada yake, atujalie uchaguzi wa haki.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji.*