Fungu la Watoto Liwe Sheria, Lisiwe Hisani

Mageuzi tuliyoyapigania nchini Kenya yalikuwa na shabaha moja kuu: kuyatoa mambo ya umma katika mkono wa mtu mmoja na kuyaweka chini ya sheria. Wananchi waliokwenda Kamukunji Julai 7, 1990, wakapokewa kwa rungu na risasi, hawakwenda kudai bwana mpya aliye mwema kuliko yule wa zamani. Walitaka nchi ambayo raia haombi hisani. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vikawa vingi, na mwaka 2010 tukajipatia Katiba mpya. Hata hivyo, liko jambo ambalo hadi leo linaendeshwa kwa moyo mwema wa mkubwa, nalo ni fedha za kuwahudumia watoto wetu mitaani.

Waliosoma shule ya msingi enzi ya chama kimoja wanayakumbuka maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulianza mwaka 1979 kwa agizo la Rais. Mtoto alikunywa, akafundishwa kumshukuru Mtukufu. Kabla miaka ya 1990 haijaisha, pakiti zilikuwa zimetoweka madarasani. Kilichotolewa kwa tamko kilikoma bila hata tamko.

Tangu mwaka 2023 Kaunti ya Jiji la Nairobi imekuwa na mpango wa Dishi na County, kwa ushirikiano na shirika la Food4Education, ambapo mzazi huchangia shilingi 5 tu kwa mlo wa mwanafunzi. Ni mpango mwema, na mama wa Waithaka anayefua nguo za watu ili alipe kodi ya nyumba hahitaji mhadhara kuhusu faida yake. Lakini tuulize swali ambalo hatukuliuliza wakati wa maziwa: gavana mwingine akiingia na kuwa na hamu ya mambo mengine, ni sheria gani itakayomzuia kuifunga jiko? Maadamu jibu linategemea utashi wa mtu, chakula hicho ni zawadi, si haki.

Na haki ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao na huduma za afya. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mitaani, vituo vya kulelea watoto, huduma za afya za msingi, maktaba na viwanja vya michezo. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba mambo ya watoto ni ya Serikali Kuu pekee. Kazi imegawanywa kwa maandishi. Kilichosalia bila maandishi ni kiasi cha fedha.

Sisi wa Dagoretti Kusini tunaijua gharama ya pengo hilo. Septemba 23, 2019, madarasa ya shule ya binafsi ya Precious Talent yaliporomoka asubuhi huko Ng'ando, wadi jirani yetu, na watoto waliotoka nyumbani wakiwa na mikoba yao hawakurudi. Lawama zilitupwa kila upande. Lakini mzazi maskini hampeleki mwanawe kwenye darasa la mbao na mabati kwa kupenda. Humpeleka huko kwa sababu shule ya umma iko mbali au imejaa. Pale serikali inapokosekana, mabati huchukua nafasi yake.

Basi ni nani atakayelidai fungu la watoto? Mtoto hana kura wala hana kikundi cha wafanyabiashara cha kumsemea. Barabara ina mkandarasi wa kuipigania kila bajeti. Mtoto wa chekechea hana mkandarasi. Naamini jibu ni vijana, ambao jana tu walikuwa watoto hao hao.

Zamani wanasiasa walijua kuwatumia vijana. Katika uchaguzi wa 1992, kundi la YK'92 lilizunguka nchi likimwaga fedha kwa niaba ya KANU, hata noti mpya ya shilingi 500 ikapewa na wananchi jina la kiongozi wa kundi hilo. Vijana wa mwaka 2024 walikuwa wa namna nyingine kabisa. Hawakulipwa na mtu. Waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa simu zao hadi kwa bibi kijijini. Juni 25 waliingia barabarani, na wengine wao wakauawa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Kizazi kilichoweza kuukataa mswada wa taifa zima, hakiwezi kushindwa kuandika mswada wa kaunti moja.

Pendekezo ni hili. Bunge la Kaunti lipitishe sheria ya Mfuko wa Watoto wa Nairobi, na sheria hiyo itaje asilimia maalumu ya mapato yanayokusanywa na Kaunti yenyewe: ada za kuegesha magari, kodi za ardhi, leseni za biashara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inaruhusu kaunti kuanzisha mifuko ya namna hii kwa idhini ya bunge lake. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, Nairobi ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 12 kutoka vyanzo vyake. Asilimia 3 ya kiasi hicho ni shilingi milioni 360. Zigawe kwa wadi 85, na kila wadi inapata zaidi ya shilingi milioni 4 kila mwaka. Kiasi hicho hakitajenga pepo, lakini kitatosha kukarabati madarasa ya chekechea, kuweka vyoo, na kuwalipa walezi wa kituo kimoja cha watoto ambao mama zao wako kibaruani.

Mfuko huo ushikamane na kazi ambazo Katiba imezipa kaunti, na hapa tujifunze kutokana na masaibu ya basari. Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba zisilipe basari kwa shughuli zilizo chini ya Serikali Kuu bila mapatano rasmi. Magavana wakapinga, shauri likafika mahakamani, na mzazi akabaki katikati kama nyasi chini ya tembo wawili. Fedha za chekechea na zahanati hazina utata huo, kwa kuwa mwenye jukumu anajulikana.

Wako watakaosema kwamba mfuko ni shimo jingine la kulia fedha. Hofu yao ina msingi. Tumeona mifuko mingi ikizaliwa kwa mbwembwe na kuzikwa katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ndiyo maana sheria isiishie kwenye asilimia. Iamuru kwamba orodha ya miradi na gharama zake ibandikwe hadharani katika kila wadi, kwamba vijana wachaguliwe na wenzao kuketi katika kamati ya mfuko, na kwamba mwakilishi wa wadi asiwe mgawaji wala mtia sahihi. Wengine watasema Kaunti ina madeni ya makumi ya mabilioni, kwa hiyo isifungwe mikono. Twawajibu: madeni hayo hayakuletwa na watoto. Katika mwaka wa dhiki, asiye na msemaji ndiye hupunguziwa kwanza, na hiyo ndiyo sababu ya kumwekea uzio.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwingine. Huko Marekani, wapiga kura wa jiji la San Francisco waliingiza fungu la watoto katika hati kuu ya jiji lao mwaka 1991. Mwaka 1996, katika jiji jirani la Oakland, vijana walikuwa mstari wa mbele katika kukusanya sahihi, na wapiga kura wakakubali asilimia 2.5 ya fedha za jiji zisizo na masharti zitengwe kwa ajili ya watoto na vijana. Hawakungoja meya mwenye huruma.

Sisi nasi tunayo njia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Lakini tuijue kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayefika City Hall mwezi Juni huwa amefika sahani zikioshwa. Hasira ya Juni ilitosha kuzuia ushuru. Kupata fungu kunahitaji subira ya kuanzia Septemba.

Vijana wa Waithaka, kazi ianze kwa hesabu: chekechea za umma ni ngapi katika wadi yetu, watoto wangapi hawana nafasi, mlezi analipwa nini na anachelewa kulipwa miezi mingapi. Nendeni na daftari nyumba kwa nyumba, kanisani, msikitini na sokoni. Kusanyeni sahihi. Waiteni wenzenu wa Riruta, Mutu-ini, Ng'ando na Uthiru, kwa kuwa ombi la wadi moja huwekwa kabatini, la wadi tano husomwa. Na kila atakayekuja kuomba kura ya wadi au ya ugavana mwaka 2027, aulizwe swali moja mbele ya watu: je, utaupigia kura Mfuko wa Watoto, ndiyo au la? Anayejibu kwa kugawa unga na fulana, mpokee ukitaka, kisha umrudishie swali lile lile.