Mti si Dawa Mpaka Upimwe

Ukipita sokoni Mwanjelwa huwezi kukosa magome, mizizi na majani makavu, kila fungu na ugonjwa wake. Siwabezi wauzaji. Hata dawa mseto ya malaria, tunayoitumia nchini tangu 2006, asili yake ni mmea. Lakini mti kuwa na dawa ndani yake ni jambo moja, na mti wenyewe kuwa dawa ni jambo jingine.

Tazameni wataalamu wanavyoitoa. Njia mojawapo hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa puani na inayotia povu katika soda. Ikipashwa joto kupita nyuzi 31 na kukandamizwa zaidi ya mara 70 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, hupenya ndani ya majani kama gesi, lakini huyeyusha mafuta na viini kama kimiminika. Mgandamizo ukilegezwa, gesi hujiendea na kiini hubaki, hakikuunguzwa na moto wala hakina mabaki ya mafuta ya petroli. Huko Ujerumani, Kurt Zosel aligundua miaka ya 1960 kwamba kafeini hutolewa hivyo katika kahawa. Kiini cha pareto kinachoua wadudu nacho hutoka kwa njia hiyo.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna pareto, na kiwanda cha kuikamua kipo Mafinga. Gesi yenyewe huvunwa kutoka ardhini Rungwe. Kwa maoni yangu, vijana wetu wanaosoma kemia wangefundishwa kazi hii hapa hapa.

Faida kubwa, hata hivyo, ni kwamba kiini kikishatoka hupimwa, tukajua mgonjwa anameza kiasi gani. Chai ya majani haina kipimo hicho. Mfano ni artemisia. Mwaka 1972 Tu Youyou wa China na wenzake walipata kiini chake kinachoua vijidudu vya malaria. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kiini hicho hakiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake hutofautiana shamba hadi shamba. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai hiyo kutibu wala kuzuia malaria. Dozi pungufu huacha vijidudu hai, navyo hujifunza kuishinda dawa. Mtoto anatulia jioni, usiku wa pili anapata degedege.

Wazazi, mtoto akichemka mwili, mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo. Akipewa dawa, amalize dozi hata akipata nafuu. Na kama mlikwisha kumnywesha mitishamba, mwambieni muuguzi bila aibu. Hatutawagombeza, tunahitaji kujua ili tumtibu salama.