Neno "Talkative" na Maana Yake



Twaomba nafasi katika gazeti letu ili tunene kidogo juu ya neno moja la Kiingereza lililomtia mwenzetu mmoja katika fadhaa. Katika taarifa ya kazi yake ya mwaka, mkubwa wake aliandika kuwa karani huyu ana bidii, hati yake ni safi, naye ni "talkative". Alitujia jioni, karatasi mkononi, akauliza: Je, nimesifiwa au nimetukanwa?

Wengine barazani walicheka. Sisi hatukucheka, kwani neno likiisha kuingia katika faili haliondoki upesi, na atakayelisoma baada ya miaka mitano huenda akawa mtu asiyepata kumwona karani huyu hata siku moja.

Basi na tulitazame. Neno hili ni chotara: kichwa chake ni cha Kiingereza, na mkia wake umetoka katika Kilatini. Maana yake ni mtu mwenye mwelekeo wa kunena sana. Halisemi kwamba ni mwongo, wala kwamba hutoa siri, wala kwamba anenayo ni upuuzi. Kwa upuuzi Waingereza wanalo neno jingine, "garrulous", litokalo katika neno la Kilatini la kupayuka. Hata wataalamu wa ndege wamempa jina la Garrulus ndege mmoja wa Ulaya, wa jamaa ya kunguru, ajulikanaye msituni kwa makelele yake. "Loquacious" nalo latoka katika kitenzi cha Kilatini cha kusema, na huonekana zaidi katika maandishi kuliko sokoni. Mtoto asiyenyamaza huitwa "chatterbox", yaani sanduku la porojo, na mara nyingi huitwa hivyo kwa kicheko.

Atakayefasiri yote hayo kwa neno "msemaji" amepotea, maana msemaji kwetu ni mtu wa heshima, hupewa nafasi arusini na barazani, na mlumbi ni zaidi yake. Aliye karibu na "garrulous" ni mpayukaji. Kwa "talkative" hatuna neno moja lililo sawa nalo. Twasema mtu wa maneno mengi, na hapo sauti ya anenaye ndiyo ionyeshayo kama ni sifa au lawama. Karatasi haina sauti.

Waliosoma shule za misheni watamkumbuka Talkative katika kitabu cha John Bunyan, Pilgrim's Progress, kilichopigwa chapa mwaka 1678. Mtu huyo alinena vizuri sana juu ya dini, lakini nyumbani kwake dini haikuonekana. Kosa lake, basi, lilikuwa ukosefu wa matendo. Tena Bunyan mwenyewe alifungwa gerezani Bedford mwaka 1660 kwa sababu ya kuhubiri pasipo ruhusa, akakaa humo miaka kama 12. Twadhani wakubwa wa siku zile nao walimwona ana maneno mengi.

Tulimwuliza mwenzetu: mwaka huu ulinena nini? Akasema aliuliza habari za posho yake ya uhamisho mara tatu, mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa barua. Kama ndilo hilo, hayo si maneno mengi. Ni swali moja lisilojibiwa. Lakini haki ni haki. Sisi tuliokaa naye twajua pia kwamba watu hungoja dirishani huku yeye akimalizia kisa cha mpira wa Jumamosi.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mkubwa aandike jambo lenyewe: huchelewesha watu, au alitoa siri, au huwazuia wenzake kufanya kazi. Jambo la namna hiyo mtu aweza kulijibu, au kulirekebisha. Lakini atajiteteaje juu ya "talkative"? Kila neno la utetezi lageuka kuwa ushahidi.

Tulimshauri aandike barua kuuliza ni jambo gani lililokusudiwa. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Tulikaa naye mpaka taa zikawashwa, ikabaki mistari mitano, nayo ikapelekwa asubuhi. Jibu halijaja.