Kikosi Huchaguliwa kwa Uwezo

Ndugu askari na polisi, mnajua kwamba doria haipangwi kwa udugu. Ndivyo ilivyo kwa kikosi cha taifa kiendacho ng'ambo kucheza kriketi. Januari 2023 wasichana wetu wa chini ya miaka 19, wakiongozwa na Gisele Ishimwe, walikwenda Afrika Kusini kushindania Kombe la Dunia. Nafasi zilikuwa 15 tu. Waliishinda Zimbabwe kwa mikimbio 39, kisha West Indies kwa wiketi nne.

Tunajivunia ushindi huo, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Uwanja wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, uko Kigali. Kutoka hapa Gisenyi ni safari ya yapata saa tatu. Binti hodari wa Rubavu asiye na nauli ataonwa na nani?

Kwa hiyo twasema: wateuzi wasingoje vipaji viwafuate mjini, bali wavitafute wilayani. Nasi tulio kambini tusikae kutazama. Tukiwapisha vijana katika viwanja vyetu siku za mapumziko, tutakuwa tumelihudumia taifa bila kufyatua risasi.