Mali Bila Daftari: Nasaha kwa Mwenye Kutaka Kununua Duka la Vitabu vya Katuni



Wako vijana wetu wanaoishi Marekani ambao hawapendi kuajiriwa maisha yao yote, na badala ya kuanza biashara mpya huona afadhali wanunue ile iliyokwisha kusimama. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya biashara moja ambayo wazee wengi wakiisikia hucheka, nayo ni duka la vitabu vya katuni. Baba husema, “Huo ni mchezo wa watoto.” Kijana naye husema, “Mimi navipenda vitabu hivi tangu utoto wangu, basi nitafanikiwa.” Sisi twaona wote wawili wamekosea. Duka hili si mchezo, kwani fedha zinazoingizwa humo aghalabu ni akiba ya nyumba nzima. Wala kupenda kusoma si kujua kuuza. Mwenye kupenda halua si lazima awe mpishi wake.

Yafaa kwanza tufahamu asili ya biashara yenyewe. Zamani huko Marekani vitabu hivi viliuzwa katika vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, na visivyonunuliwa vilirudishwa kwa aliyevileta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtu mmoja aitwaye Phil Seuling, mkazi wa New York, alipatana na wachapishaji wamuuzie moja kwa moja kwa bei nafuu zaidi, kwa sharti kwamba kisichouzwa hakirudi. Juu ya sharti hilo ndipo yalipojengwa maduka yanayouza katuni peke yake. Basi mwenye kutaka kuingia katika kazi hii na alikumbuke kila siku: ulichoagiza ni chako, kikinunuliwa ni chako, na kikidoda ni chako vile vile. Faida na khasara zote zi katika kalamu ya kuagizia.

Walioisahau kanuni hiyo walionyeshwa katika miaka ya 1990. Wakati ule watu walivinunua vitabu hivi kama mtu anunuavyo dhahabu, wakitaraji kuviuza kwa bei kubwa baadaye. Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ilitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo mpya wa X-Men, kwa majalada mbalimbali, na nakala zilizoagizwa zilipita milioni 8. Mwezi wa Novemba 1992 kampuni ya DC ikatoa kitabu cha kifo cha Superman, na watu wakapiga foleni madukani. Wenye maduka wakajaza stoo zao. Haukupita muda mrefu wanunuzi wakatambua kwamba kitu kilicho katika kila nyumba hakiwezi kuwa adimu. Wakaondoka, maduka mengi yakafungwa, na Marvel yenyewe ikaomba hifadhi ya mufilisi mwezi wa Desemba 1996. Linganisha na kitabu cha kwanza cha Action Comics, alimoonekana Superman kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kikauzwa kwa senti 10. Nakala yake moja iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6, na sababu ni kwamba zilizosalia ni chache mno.

Twayaeleza haya kwa kuwa wenye maduka walioanza katika miaka ile wamekwisha kuwa wazee, na baadhi yao wanatafuta wa kumwachia. Mzee wa namna hiyo atamfungulia mnunuzi stoo yenye maboksi hata darini, amwambie, “Humu mna mali ya dola laki moja.” Huenda mzee hasemi uwongo, anahesabu bei iliyoandikwa juu ya jalada. Lakini mnunuzi asihesabu kwa hesabu hiyo. Na ayagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitabu vipya vya miezi hii, ambavyo vyafaa kulipiwa kwa bei ya jumla au chini yake. La pili ni vya zamani ambavyo daftari laonyesha kuwa watu wanaviuliza na kuvinunua. Hivyo na vipimwe kimoja kimoja, kwa bei ambazo vimeuzwa kweli mahali pengine, si kwa bei zinazotangazwa tu. La tatu ni vilivyododa. Hivyo thamani yake ni ndogo kuliko kodi ya chumba vinamokaa, na mwenye kuvilipia bei nzuri amenunua mzigo wa karatasi.

Baada ya mali, na aulizie daftari. Wahenga wetu wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari, na hapana mahali pa kulisadiki neno hili kama duka linalouzwa. Mnunuzi na aombe hesabu za miaka mitatu, azilinganishe na karatasi za kodi zilizopelekwa serikalini na hati za madai za wasambazaji. Mwenye duka akisema, “Mauzo mengine hatuyaandiki, lakini yako,” basi kisichoandikwa kisilipiwe. Tena na akae dukani siku kadhaa, hasa Jumatano, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo siku ya vitabu vipya, ahesabu kwa macho yake wangapi waingia na wangapi watoka na kitu mkononi.

Kuna mambo mengine matano ambayo haifai kutia sahihi kabla ya kuyajua.

La kwanza ni pango. Je, mkataba wa nyumba umebaki muda gani, na mwenye nyumba amekubali kumpokea mpangaji mpya kwa kodi gani? Duka zuri lenye mkataba wa miezi minne ni sawa na nyumba iliyojengwa ufukweni maji yakiwa yametoka.

La pili ni madeni. Aghalabu ni salama zaidi kununua mali, samani na jina la duka kuliko kuinunua kampuni pamoja na madeni yake. Hili lataka mwanasheria, na ujira wake ni mdogo kuliko deni la mtu mwingine.

La tatu ni vitu visivyokuwa vya muuzaji. Wateja huweka vitabu vyao vya thamani dukani viuzwe kwa niaba yao, kama mali kauli, nayo ni amana. Na iandikwe kando kwa majina ya wenyewe. Jambo hili si dogo. Msambazaji mkubwa Diamond alipofilisika mwaka 2025, palizuka kesi mahakamani juu ya bidhaa zilizokuwa katika maghala yake hali wachapishaji wadogo wakisema ni mali yao ambayo haikuwa imelipiwa.

La nne ni akaunti za wasambazaji. Mnunuzi asidhani kwamba zinahamia kwake pamoja na ufunguo wa mlango. Na awaombe wasambazaji mapema, ajue watamtaka alipe taslimu au watamkopesha.

La tano ni kilemba, yaani ile fedha inayotozwa kwa ajili ya jina na wateja. Wateja hawafungiwi kamba. Kilemba kikilipwa, muuzaji na aahidi kwa maandishi kwamba atakaa miezi miwili au mitatu akimjulisha mrithi wake kwa wateja, na kwamba hatafungua duka jingine jirani kwa muda watakaoafikiana.

Sasa tuje katika uendeshaji, na hapa twarudi kwenye ile kalamu ya kuagizia. Tuchukue mfano. Kitabu kimoja chauzwa dola 5, na mwenye duka hukipata kwa nusu ya bei, yaani dola 2 na senti 50. Akiagiza 20, amelipa dola 50. Akiuza 15, amepata dola 75. Faida yake kabla ya kodi na mishahara ni dola 25. Lau angaliagiza 12 tu na zote zikauzwa, angalilipa dola 30, akapata 60, na faida yake ingalikuwa dola 30. Ameuza vichache na kupata zaidi! Na yule aliyeagiza 20 akauza 10 amefanya kazi bure, na nakala 10 zinamtazama rafuni. Walakini hatusemi mtu aogope kuagiza. Wanunuzi watatu waliokosa kitabu huenda wasirudi. Twasema apime. Na kipimo chake ni orodha ya wateja wa kudumu, ambao duka huwawekea vitabu vyao kila wiki kwa majina yao. Na ahesabu majina hayo kwanza, kisha aongeze wastani wa nakala zilizouzwa rafuni katika matoleo matatu yaliyopita. Maagizo ya kwanza hutolewa miezi kabla, lakini ipo tarehe ya mwisho, wiki chache kabla ya kitabu kutoka, ambapo hesabu yaweza kurekebishwa. Tarehe hiyo na iandikwe ukutani.

Orodha hiyo ni neema, na ni mtego pia. Mteja aliyewekewa vitabu miezi mitatu asitokee amemkopa mwenye duka bila ya kuomba. Tangu mwanzo pawe na sharti la upole lakini lililo wazi: atakayekaa siku 30 bila kuchukua vitabu vyake atapigiwa simu, na akikaa 60 vitarudishwa rafuni. Biashara haigombi, lakini pia haina haya ya kudai.

Kadhalika, mwenye duka asitegemee mlango mmoja wa kuletea mali. Tangu Diamond ilipomnunua mshindani wake Capital City mwaka 1996, karibu biashara yote ilipita mkononi mwake. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ilisimamisha kupeleka vitabu vipya kuanzia tarehe 1 Aprili hata 20 Mei, na maduka yakakaa bila bidhaa mpya. Mwaka huo huo DC ikaihama, na mwaka 2021 Marvel ikahamishia kazi yake kwa Penguin Random House. Mwezi wa Januari 2025 Diamond ikaomba hifadhi ya mufilisi. Waliokuwa na akaunti kwa wasambazaji wengine waliendelea. Waliomtegemea mmoja walihangaika. Na katika bidhaa zenyewe vile vile: vitabu vilivyojalidiwa, manga za Kijapani, michezo ya karata na ya mezani, mifuko na makadi ya kuhifadhia vitabu, vyote na vipate nafasi. Tena vitabu vilivyojalidiwa, vikinunuliwa kwa wasambazaji wa vitabu vya kawaida, mara nyingi vyaweza kurudishwa visipouzwa. Hiyo ni nafuu kubwa.

Limebaki neno juu ya jamaa na watoto. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni ya maadili, na vitabu vilivyopita vilitiwa muhuri jaladani. Muhuri huo uliachwa kabisa mwaka 2011. Kwa hiyo leo mwenye kuchuja ni mwenye duka. Katuni nyingi zimeandikwa kwa watu wazima, na picha ya jaladani haielezi kila mara yaliyomo. Yampasa asome anachokiuza, avitenge vya watoto chini karibu na mlango, na vya wakubwa viwe juu na ndani. Mama akiingia na mwanawe akaona mpango huo, atarudi. Na siku akiuliza kama kipo kitabu ambacho binti yake atajiona ndani yake, muuzaji aliyesoma atajua kumpa Ms. Marvel, mfululizo ulioanza mwaka 2014, wenye shujaa aitwaye Kamala Khan, msichana Mwislamu wa Jersey City mwenye wazazi kutoka Pakistan. Juzuu yake ya kwanza ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Muuzaji wa namna hii hashindwi na anayeuza kwa njia ya mtandao, maana yule hamjui mtoto aliyesimama mbele yake.

Mwisho twawaambia wazazi: msimcheke kijana, bali mwambieni alete daftari mlitazame pamoja. Na vijana twawaambia: msiweke nyumba ya wazazi rehani kwa ajili ya duka ambalo hamjalihesabu. Anzeni kwa kufanya kazi humo mwaka mmoja kwa mshahara, mjue uzito wa maboksi na tabia za wateja. Wekeni kando matumizi ya miezi sita, ambayo hayaguswi hata kitabu gani kitoke. Kisha, mkiona hesabu yasema ndiyo, nunueni kwa bei ya haki, na lipeni kwa mafungu muuzaji akikubali. Na kama hesabu yasema siyo, basi shukuruni kwamba mmeambiwa na karatasi kabla ya kuambiwa na dunia. Kitabu cha katuni mwaweza kukinunua wakati wowote kwa dola 5 na kukifurahia. Akiba ya nyumba ikiondoka, hairudi kwa wepesi.