Sahani ya Mama Mwenye Mimba

Mwezi huu tutazame sahani. Katika nyumba nyingi za kambi na mitaa yetu, samaki ni ya baba anayetumika ku machimbo. Watoto wanafuata. Mama mwenye mimba anakula mwisho: bukari iliyobaki na mchuzi kidogo. Ukimwuliza, anajibu: "Miye niko muzuri, baba ndiye anatumika." Lakini yeye naye anatumika, usiku na mchana: anajenga mtu.

Bukari inashibisha, lakini peke yake haileti damu. Mama aliyepungukiwa damu anachoka na kusikia kizunguzungu. Siku ya kuzaa, damu ikitoka, anaweza kufa upesi. Mtoto naye anaweza kuzaliwa na kilo chini ya 2,5. Watu watatafuta mlozi, na kumbe ni njaa ya miezi tisa.

Nyama ya kila siku si lazima. Maharagi, lengalenga, sombe yenye karanga, ndakala: hivi viko sokoni. Kula mara moja zaidi kwa siku. Chungwa au embe pamoja na mboga linasaidia damu. Chai ingoje saa moja kisha chakula. Wengine wanakataza yai: yai lililoiva vizuri halimdhuru mtoto, linamjenga. Lakini pemba, dada yangu, uiache. Udongo ule unazuia chuma cha chakula kuingia damuni.

Nenda kupimisha mimba mapema, lala ndani ya chandarua, na umeze vidonge vya chuma kila siku. Choo kikiwa cheusi, usiogope, ni dawa.

Mama mmoja akijua peke yake, haitoshi. Huko Msumbiji, mwaka wa 1995, shirika World Relief lilianza vikundi vya wamama 10 mpaka 15 wa kujitolea. Wanafundishwa pamoja, kisha kila mmoja anafundisha nyumba 10 mpaka 15 za jirani zake. Nchi nyingi zimefuata njia hiyo. Wamama wa kanisa lenu wanaweza kuianza kwa somo moja na chungu kimoja cha kuonyesha upishi.

Nanyi wababa, na vijana mtakaooa kesho, someni pia. Siku ya mshahara, toeni kwanza feza ya mboga, mbele ya kupita kwa marafiki. Mtoto aliye tumboni hangoji mshahara wa mwezi ujao.